Kitambaa Kilichofunika Sinema

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa shemasi wa Kisabato, huko kwetu nje kidogo ya Migori, na kanisani tulifundishwa kwamba sinema ni mlango wa upotevu. Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ya kanisa hilo hilo, nimeolewa mwaka mmoja tu, na kazi hiyo niliipenda kama roho yangu.

Lakini Jumapili moja mchana, miaka michache baada ya uhuru, tulipita mbele ya stoo ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka pwani. Siku za Jumapili alikuwa akiondoa magunia ya mahindi, anatundika mablanketi madirishani, anaonyesha sinema kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Mama mkwe alisimama mlangoni. "Nyathina," aliniambia kwa Kijaluo, yaani mwanangu, "kitu hiki nimekikataza watu miaka ishirini, na sijui hata kinafananaje." Akalipa, tukaingia. Alikwenda moja kwa moja kuketi kando ya mashine, maana alitaka kuona picha zinatokea wapi. Mimi nikaketi kushoto kwake, nimejifunika leso mpaka puani.

Katikati ya picha yule mfanyabiashara alitangaza kwamba sehemu inayofuata imepigwa marufuku na wakaguzi wa Nairobi. Mwanamke angeoga mtoni. Filamu ilikuwa ya kukodi, na waliomkodisha hawakuikata, wala yeye hakuthubutu kuitia mkasi. Kwa hiyo akavua kofia yake ya kufumwa akaiweka mbele ya lenzi. Watu wakapiga mbinja. Nairobi ilikuwa inatukinga tusione mwanamke akioga mtoni, sisi ambao mto tulikuwa nao!

Shida ni kwamba kofia ile ilikuwa na matundu. Mwanga ukapenya, ukuta ukajaa vidoadoa. Mama mkwe alikuwa mtu asiyevumilia kazi nusunusu. Alifungua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja mara nne, akakibandika juu ya kofia na kukishika kwa mikono miwili mpaka sehemu ile ikapita. Kisha akakifunga tena kichwani, akaendelea kutazama. Nilicheka mpaka nikalia.

Wiki iliyofuata yule mfanyabiashara alishtakiwa. Askari aliyekuwa nje ya mlango alisikia zile mbinja, akaandika kwamba sehemu iliyopigwa marufuku imeonyeshwa. Kesi ikapelekwa mahakamani Homa Bay. Kama angepatikana na hatia, ingekuwa jela, na mashine yake kutwaliwa. Akazunguka mji mzima akitafuta shahidi. Wale wote waliojaza stoo yake, sasa kila mmoja Jumapili ile alikuwa shambani. Niliwadharau sana. Nilikuwa na haki gani ya kuwadharau, sijui, maana na mimi nilikuwa kimya kama wao.

Mama mkwe hakungoja kuombwa. "Aliyefunika ni mimi," alisema. "Nani mwingine atasema?" Nilimkumbusha ushemasi wake. Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria isiyooshwa, akaenda kupiga pasi gauni lake la Sabato.

Mahakamani nilikaa benchi la nyuma. Mbele yangu alikaa mzee wa kanisa letu, aliyesafiri makusudi kusikia. Karani alitaka kumtafsiria kutoka Kijaluo, lakini mama mkwe akakataa, akasema Kiswahili chake kinatosha.

Hakimu alikuwa mtu mpole. Alimwona mzee wa kanisa, akaona na gauni, nadhani akaelewa kanisa lingemfanya nini. Akampa njia ya kutokea. "Mama, bila shaka uliingia pale kwa sababu ya mvua?"

Mzee wa kanisa naye aliinama mbele, nusu anaomba. Neno moja tu lingetosha.

"Hapana, bwana hakimu," alisema. "Hiyo siku jua ilikuwa kali. Mimi nilienda kuona sinema. Nililipa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alieleza kofia, matundu na kitambaa, kisha akakivua palepale, akakikunja mara nne, akamwambia kiongozi wa mashtaka akiweke mbele ya taa aone kama kitu inapita. Yule bwana akakiinua dirishani. Hakuona jua.

Kwa hasira akauliza, "Na ulikuwa na nani huko?"

Nilijikunja nyuma ya mgongo wa mzee wa kanisa. Mama mkwe hakugeuza hata shingo kuelekea benchi langu.

"Mtu mzima hujitaja mwenyewe," alijibu. "Mimi nimejitaja."

Hakimu akasema hilo linatosha. Mfanyabiashara aliachiliwa na mashine yake, akatoka akilia waziwazi, akamshika mama mkono kwa mikono yote miwili.

Sabato iliyofuata jina la mama mkwe lilisomwa mbele ya kanisa. Alisimama peke yake, kichwa juu, akavuliwa ushemasi, akaambiwa aketi viti vya nyuma. Nilikuwa safu ya tatu, pamoja na wanafunzi wangu. Magoti yalitaka kuinuka, nami nikayakataza. Jioni hiyo alinipakulia chakula kama kawaida, na katika miaka yote aliyoishi baadaye hakuligusia jambo lile hata kwa fumbo. Mimi nilifundisha katika shule ile mpaka kustaafu, nikawaambia watoto wa watu wasiseme uongo.

Nimejua wakubwa wengi maishani, na wenye vyeo, lakini sijaona mwingine wa kufanana na mwanamke yule. Alikufa akiwa bado anaketi viti vya nyuma. Kitambaa ninacho mimi. Na kwa kuwa mtu mzima hujitaja mwenyewe, basi nami najitaja, nikiwa nimechelewa: nilikuwa kushoto kwake.