Mstari wa Yevdoha

Nta ya nyuki ikianza kunukia jikoni, Vasilina husahau kwamba ana wajukuu. Pua humrudisha mpaka ule mwaka alioolewa: theluji inayeyuka milimani, mto Cheremosh unanguruma kama mtu aliyedhulumiwa, na mama mkwe wake, Hafiya, amemsimamia pale mezani, mikono kiunoni.

"Nyumba hii, kwenye mayai ya Pasaka tunaandika kulungu," Hafiya alisema. "Kulungu ndiye anayelibeba jua juu ya pembe zake, baridi ikaisha. Hayo manyoka-nyoka ya kwenu yabaki hukohuko ng'ambo ya mto."

"Si nyoka, mama. Ni mstari usio na mwisho. Shetani akiingia humo, haoni pa kutokea."

"Kwangu shetani haingii kabisa. Ananiogopa."

Tanasi, mumewe Vasilina, akapasua kicheko. Mama yake akamtupia jicho, naye akakumbuka ghafla kwamba kuna kuni hazijachanjwa.

Vasilina hakucheka. Mama yake mzazi, Yevdoha, alikuwa amefariki wakati wa baridi, harusi haijapoa. Na katika milima ile ya Karpati, kila ukoo una mchoro wake wa yai la Pasaka, unaotoka kwa mama ukaingia kwa binti. Yevdoha hakuwa na binti mwingine. Pasaka ile ikipita bila yai lake kuandikwa, basi na lenyewe lingehesabiwa limezikwa.

Halafu mayai yale si pambo, jamani. Vasilina alilijua hilo tangu hajaota meno ya ukubwani: chini ya mwamba kuna joka limefungwa minyororo, na kila Kwaresima linatuma wajumbe wakachungulie madirishani kama watu bado wanaandika mayai. Wakikuta mengi, mnyororo unakazwa. Wakikuta machache, unalegea. Utotoni alikuwa akikaa chini ya meza, akiuliza, "Mama, wajumbe wenyewe wana miguu? Wakati huu wako kwa nani?" Yevdoha alimjibu bila kuinua macho, "Wako kwa watoto wanaouliza maswali. Shika kalamu. Na usinune, yai litanuna nawe."

Basi siku moja ya Kwaresima, Hafiya alipokwenda zizini kukamua, Vasilina alichukua yai bichi la kuku anayepandwa na jogoo, maana yai lisilo na uhai ndani haliandikwi. Akaipasha moto kalamu, kile kijiti chenye kibomba cha shaba, akachota nta. Mkono ukaenda wenyewe. Akafunika kwa nta palipotakiwa kubaki peupe, akalitumbukiza yai kwenye rangi ya njano ya magome ya mtofaa. Akafunika tena kwa nta palipotakiwa kubaki njano. Kisha, kati ya vyungu vitatu vya rangi vilivyopangwa hapo, akalitia kwenye chungu cha katikati.

Kwa Yevdoha, chungu cha katikati kilikuwa cha nyekundu. Hakufikiri kuuliza. Rangi ikiwa chunguni, yote ni kama maji ya matope tu.

Yai likatoka na rangi ya chungwa. Rangi ya Hafiya! Na rangi ikishaingia kwenye ganda, hata ulie vipi haitoki.

Baya zaidi, mstari ulikuwa haujafungwa. Ulizunguka, ukapinda, ukazunguka tena, ukafika kiunoni mwa yai, hapo mkono wa Vasilina ukasimama. Hakujua unageukia wapi ili ukutane na mwanzo wake. Kipande kile Yevdoha alikuwa akikimaliza mwenyewe kila mara: "Lete huku nikumalizie, uji unaungua."

Mlango ukafunguliwa. Hafiya akaingia na ndoo ya maziwa, akaliona yai, akaliona na chozi.

"Unalia juu ya yai? Litaoza hilo."

"Nimeliharibu, mama. Rangi ya kwenu, mstari wa kwetu. Na sikumbuki mwisho wake."

Hafiya akaweka ndoo chini, akaligeuza yai kwenye mwanga. Akalinusa. Nani ajuaye kwa nini alilinusa.

"Kabla ya harusi, mama yako nilimwona mara moja tu, mnadani. Tuligombania kondoo. Akaninyang'anya."

"Ndiyo, alitusimulia. Alisema ulikuwa na mdomo kama upanga."

"Na yeye je? Wembe!" Hafiya akavuta kigoda, akaketi. "Sikiliza, bibi harusi. Kulungu wa mama yangu hakuwa na pembe. Kama mbuzi tu. Pembe niliziweka mimi, nikachapwa kofi hapa, mpaka leo nalisikia. Sasa kijiji kizima kinaapa kwamba pembe zimekuwepo tangu dunia iumbwe. Unadhani aliyeanza mstari wenu alishushiwa toka mbinguni? Alikuwa mwanamke mwenye uji jikoni, kama sisi. Funga."

"Nifunge vipi?"

"Nitajuaje mimi? Yai lako. Ila usiache mlango wazi, watu tuna watoto humu."

Vasilina akapasha kalamu. Akaugeuza mstari upande ambao mkono ulipenda, akaushusha, akaukutanisha na mwanzo. Hafiya akamshikia chombo cha nta bila kumkosoa, jambo ambalo Tanasi hakuliamini aliposimuliwa. Kisha yai likaingia kwenye nyeusi, likaota moto kando ya jiko, na nta ikafutwa kwa kitambaa.

Pasaka, Hafiya mwenyewe alilipanga kapuni katikati ya makulungu, padri akalinyunyizia maji. Jumapili iliyofuata, siku ya kuwapelekea marehemu mayai yao, Vasilina alivuka mto kwenda kijijini kwao.

Kaburi la Yevdoha lilikuwa limeanza kuota majani mabichi. Akaliweka yai pale kichwani, akalizungusha taratibu mpaka kile kipande cha mwisho kikatazama juu, kama anavyofanya mtoto anayetaka mama yake aone kazi yake.

"Hapo ni pangu, mama," akasema. "Kwingine kote ni kwako."