Faida ya Lori la Kukodi

Niliporudi Oyugis kutoka Doha na diploma yangu ya uchukuzi, sikukurupuka kununua lori. Nilipima kwanza. Lori la kukodi, mwenyewe anaweza kukunyang'anya wakati wowote. Lakini jamaa wakitaka uwabebee viti vya matanga bure, una jibu: "Mwenye lori amekataa." Kwa hiyo nikakodi, nikawa dereva wake.

Jumamosi ya kwanza baba mdogo alikuja kuomba lori la kwenda mazikoni Kosele.

"Baba, mwenye lori amekataa."

Akatazama mlango wa dereva, ambapo nilikuwa nimeandikisha jina langu na diploma kwa rangi nyekundu.

"Basi mbembeleze, mwanangu. Si huyu hapa?"

Nilibeba viti, hema, kwaya na fahali. Waombolezaji wote walilisifu lori langu, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha.