Bwana Utuhulumie

Kanda yetu ya ile misa kubwa imesafishwa sauti. Tuliiimba kwaya tatu pamoja, ya mjini, ya Mwazye na ya Mwimbi, tukiwa bado wasichana, na miaka yote tumeisikiliza ikikwaruza kama mtu anapeta ulezi ndani ya redio. Sasa iko kwenye flashi. Jumapili baada ya misa, fundi alituita sisi tuliobaki tukaisikilize ukumbini kabla hajatoa nakala.

Nilikwenda na jambo moja moyoni: niisikie sauti yangu. Wifi yangu, mke wa kaka, hakuhitaji kusafishwa. Ndiye anayeongoza, na hata msibani wageni huonyeshwa, ndiye huyu wa kwenye kanda. Mimi nilisimama begani kwake na hakuna aliyewahi kunionyesha. Niseme haki, ananizidi kuimba. Kwao ni Mbeya, kakulia nyumba ya karani, na r yake imenyooka. Mimi Kifipa kimenikaa ulimini. "Utuhurumie" ilinitoka "utuhulumie", mwalimu wa kwaya akanitania kwamba namwomba Bwana atudhulumu. Aliniagiza nikifika hapo nichezeshe mdomo tu. Sikumbuki kama nilitii.

Fundi akawasha. Sauti zikatoka moja moja, kama watu wanaingia mlangoni. Wifi juu kabisa. Halafu chini yake, wazi: Bwana utuhulumie.

Ukumbi ukacheka. Mimi nilifurahi mno, labda kupita kiasi.

Fundi akasema kosa hilo anaweza kulififisha lisisikike. Wenzangu wakaona sawa, maana nakala zitafika hadi Muze, watu watatucheka. Nilitaka kukataa, nikajiuliza mimi ni nani hata nikatae.

Wifi ndiye aliyesema. "Mwacheni wifi yangu hapo. Pale juu nilikuwa napandia kwenye sauti yake."

Wakakubali papo hapo, kwa kuwa kasema yeye.

Tukarudi pamoja, upepo unatupiga. Nikamshukuru. Akanishika mkono, magoti yanamsumbua siku hizi.

"Basi nihulumie na mimi, wifi, upunguze mwendo."

Nikacheka, nikapunguza. Sijui kama alisema kweli kuhusu kupandia kwangu. Ninachojua, nimo kwenye kanda kwa sababu yeye kapenda niwemo. Angenyamaza tu, ningeweza kumchukia vizuri.