Anayemsikiliza Amisi

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Wamaza, mwanangu, nilipokuwa kijana bado, nikadhani nimeshinda kesi kabla haijasikilizwa. Nilikuwa nimeachana na mume wangu, mchimbaji dhahabu wa Salamabila, na kila mmoja alimtaka Amisi, mtoto wetu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia: Amisi aliacha kabisa kusema. Hakimu wa Kasongo akaagiza tumtafutie mtaalamu wa mambo ya moyo na akili.

Asubuhi hiyo akaja bwana mmoja kwa pikipiki, akijiita mtaalamu, koti jeupe, maneno matamu.

"Mama, usiogope. Nitaandika mutoto anaogopa baba yake. Utamupata."

Nilifurahi, wee! Nikamkaangia kuku, na kuku yule ananiuma hadi leo.

Shangazi yangu, Mama Zaina, alimwacha ale, kisha akamwuliza amesoma wapi na hospitali gani inamjua. Bwana akakohoa, akakumbuka safari. Shangazi akanigeukia.

"Mutoto hajamuona, na maneno iko tayari? Unatafuta dawa ya mutoto, ao fimbo ya kupiga baba yake?"

Niliona aibu, lakini hasira ilizidi.

Tukaenda hospitali ya Kasongo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: wauguzi wenyewe walituelekeza kwa mwanasaikolojia wao, mama mmoja mpole. Diploma yake ilining'inia ukutani, na shangazi aliisoma herufi kwa herufi. Mama yule akataka kumwona baba pia. Nikamwuliza atamwandikia nini hakimu.

"Sijui bado, mama. Mimi niko wa mutoto."

Nilimchukia. Lakini wiki baada ya wiki alikaa chini na Amisi wakifinyanga udongo, mpaka siku moja, tukirudi, mtoto akaniuliza, "Mama, baba anakula na nani?"

Nililia pale pale njiani. Yule wa koti jeupe angelizika swali hilo.

Mimi na baba yake tukakubaliana malezi mbele ya hakimu, bila matusi. Amisi alipofaulu mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, baba yake na mimi tulimmwagia poda kichwani pamoja, kama tunavyowashangilia washindi kwetu. Leo ana watoto wake.

Basi, mwanangu, mkigombania mtoto, usimchague anayekuahidi ushindi. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Uliza alikosomea na wanaomjua, na utazame kama anawasikiliza nyote wawili. Akisema "sijui bado", usimkimbie. Mungu akuongoze kwa mtu wa namna hiyo, na mtoto wako asikose sauti ya kumwita mama, wala ya kumwita baba.