Mama Alipokaa Eda, Kando ya Mto

Kila mwaka niliwafundisha kidato cha tatu somo la vimbunga, na kila mwaka niliwachekesha kwa maiti za watu. Kitabuni kulikuwa na kimbunga kimoja cha zamani kilichopiga kisiwa huko Karibi. Upepo ulibomoa nyumba, halafu ghafla ukatulia, jua likawaka. Watu wakatoka kutafuta kuku na mabati yao. Hawakujua kuwa wako kwenye jicho la kimbunga na nusu ya pili iko njiani. Ikaja, ikawazoa. "Mnaona hasara ya kutosoma jiografia?" niliwaambia wanafunzi, darasa zima likacheka. Siku hizi somo hilo namwachia mwenzangu.

Baba alipofariki, mama alikaa eda nyumbani kwetu Korogwe, bondeni kabisa, karibu na mto. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ovyo. Shangazi alikuja mazishini kutoka Kabuku, na kabla ya kupanda basi la kurudi aliniachia neno: mama yako ni mtu wa Bungu, hao wa milimani eda hawaijui, mwangalie asituaibishe. Basi mimi na digrii yangu nikageuka askari wa mlango. Mama akichungulia dirishani, navuta pazia.

Mwezi wa tatu wa eda mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, adhuhuri, ikakatika, jua likatoka, nikaanika nguo. Jirani yetu, mama mtu mzima anayeuza vitumbua, akaja na godoro kichwani.

"Mwalimu, mto umejaa. Tunahamia shuleni huko juu. Mtoe mama."

Mama alishasimama, mtandio mkononi. "Hapa imekatika," alisema, "lakini Bungu bado kweusi. Maji ya kule hayajatufikia."

Alizaliwa huko, na mimi niliyesomea mito nilijua anasema kweli. Nilichoogopa ni mdomo wa shangazi. Huko shuleni kumejaa wanaume, habari ingefika Kabuku kabla ya jua kuzama. Nikamwambia mama mbele ya jirani, "Udongo wa baba haujakauka, wewe ushaanza kutafuta mume mwingine?"

Mama akakaa. Aliukunja mtandio mara nne, akauweka mapajani. Jirani akaondoka na godoro lake. Nikaona nimeshinda, nikaenda sokoni kununua unga.

Maji ya milimani yalishuka nikiwa napimiwa unga. Nilipofika njia ya bondeni yalikuwa yamefika madirishani, rangi ya chai ya maziwa, na nyumba yetu ya udongo ilikuwa inakaa chini taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu. Wanaume walinishika mikono nisiingie. Niliwatukana wote, na mama zao.

Tulimpata kesho yake chini ya ukuta wa chumbani. Mtaa wetu ulizika siku mbili mfululizo, na kwa kuwa jeneza la msikiti ni moja, maiti zilisubiri zamu. Watu waliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Niliwaitikia, lakini makosa yalikuwa yangu.

Shekhe alikuja matangani kutupa pole. Akauliza kwa nini mjane hakutolewa. "Akihofia roho yake anatoka. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Nani alimkataza?" Shangazi akanitazama mimi. Wengine wote wakatazama mkeka.

Jirani alingoja mpaka watu wakapungua, akaja kukaa karibu yangu.

"Nilimrudia, mwalimu," alisema. "Maji yalikuwa yananifika magotini. Nikagonga, nikamwambia toka, mwanao hayupo. Akanijibu kwa ndani, 'Nenda tu, mwenzangu. Nikitoka, mwanangu ataniona malaya.' Kisha nikasikia anasukuma komeo."