Nati Nane za Shaba

Nilikuwa dukani kwa muuza spea nikinunua balbu ya taa ya uani nilipomsikia mwalimu mstaafu, mwenye lile gari la zamani aliloachiwa na baba yake, akitangaza kwa sauti ya darasani:

"Fundi Kesho, Mungu amrehemu, aliniachia ugonjwa. Alivunja bolti mbili za ekzosi, akazibandika kwa gundi. Sasa moshi wote unaingia ndani ya gari."

Fundi Kesho alikuwa mume wangu.

Nilimwuliza, "Mwalimu, nani kakwambia?"

Alishtuka. Hakuwa ameniona. "Samahani, mama. Mdogo wake mwenyewe, pale gereji."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba radhi. Niliacha balbu kaunta.

Jina la Kesho walimpa kwa kejeli, na yeye akalipenda. Bolti zinazoshika ekzosi kwenye injini huungua miaka na miaka mpaka kutu inazifanya kitu kimoja na chuma. Fundi mwenye haraka huchomeka bomba refu kwenye spana, akavuta, bolti ikakatika. Mume wangu alizitia mafuta leo, kesho akazitia tena, keshokutwa ndipo alipozipasha moto na kuzigusisha mshumaa ili nta iyeyuke na kupenya ndani. Kisha robo mzunguko mbele, nusu ya hiyo nyuma. Mteja akinung'unika, alimjibu, "Nenda kanywe chai, mzee. Gari halitakimbia, wewe mwenyewe unajua." Katika miaka thelathini na moja ya ndoa sikumsikia akiapa wala kujisifu. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga kabla ya kushika vitabu vyangu.

Gari la mwalimu lilikuwa kazi yake ya mwisho.

Kutoka dukani nilikwenda moja kwa moja gereji, mwalimu akinifuata na gari lake likipiga pu-pu-pu kama linanizomea. Getini bado paliandikwa jina kamili la mume wangu kwa rangi ya buluu. Shemeji yangu alitoka chini ya lori akijifuta mikono.

"Karibu, shemeji! Leo jua limetokea wapi?"

"Mweleze mwalimu tena ulichomweleza. Mbele yangu."

Akaangalia chini. "Shemeji, kaka alikuwa mgonjwa siku zile. Binadamu hukosea. Mimi gari nililisikiliza tu, sikufungua hata nati moja."

"Hata moja?"

"Haki ya Mungu."

Nilimwambia mwalimu afungue boneti. Tukainama wote watatu. Nati sita zilizobaki zilikuwa za chuma, nyeusi, mbili zimeanza kutu.

"Mwalimu, gari lako liliondoka kwangu na nati nane za shaba. Shaba haigandi na chuma, ndiyo maana alizitumia. Nani kaweka hizi?"

Shemeji akadakia. "Utajuaje, shemeji? Wewe ni mtu wa vitabu. Labda mwenyewe alikosa za shaba."

Siri hii nilikuwa nimeifungia moyoni miaka miwili, na huyu ndiye aliyenilazimisha kuitoa.

"Najua kwa sababu nilizikaza mimi. Kaka yako mikono ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika kikombe, seuze spana. Alikaa kwenye kiti uani, mimi nikainama hapa kwenye injini. 'Robo mbele, mama watoto. Rudisha. Usishindane nayo.' Siku tatu. Bolti zote nane zikatoka nzima. Tukaweka mpya, na nati za shaba. Sikumwambia mtu, kwa kuwa sikutaka isemwe kwamba fundi alimaliza kazi kwa mikono ya mkewe. Nilimtunzia heshima, na wewe ukaiokota ukafutia uchafu wako!"

Shemeji aliinamia tena injini, akagusa mojawapo ya zile nati nyeusi.

"Shemeji, nilikuwa na haraka," alisema. "Mwalimu alilileta na kelele kidogo tu, gasketi ya ekzosi ilikuwa inavuja. Nikazitoa nati za shaba, nikafunga za chuma zilizokuwa karibu. Nikaikaza ya kwanza kwa bomba, bolti ikakatika. Nikaikaza ya pili…"

"Na marehemu hawezi kujitetea. Ukaona hapo pazuri pa kutupia kosa lako."

"Nisamehe."

"Toa kwanza visiki vya bolti vilivyobaki ndani."

Nilivuta kiti nikakaa. Jioni ya kwanza alitia mafuta tu, siku ya pili vilevile, na mara mbili nilimwambia aweke chini lile bomba lake. Siku ya tatu alichomelea nati juu ya kila kisiki, akapasha, akagusisha mshumaa niliotoka nao nyumbani. Robo mbele. Rudisha. Cha kwanza kilitoka kikilia, cha pili nacho kikafuata.

Mwalimu alinishukuru. Nikamwambia shukrani zake azipeleke dukani kwa muuza spea, saa ileile, kwa sauti ileile. Alikwenda. Muuza spea mwenyewe alinisimulia, na balbu akanipa bila kunitazama usoni.

Shemeji alidhani yamekwisha. Kesho yake nilirudi na kopo la rangi nyeupe na brashi, nikalifuta jina la mume wangu getini, herufi kwa herufi, yeye amesimama na spana mkononi.

"Sasa wateja watajuaje ni gereji ya nani, shemeji?"

"Andika lako," nilimjibu. "Tuone litadumu miaka mingapi."