Rilei Tatu Zilizokataa Kutulia

Hakuna kitu cha umeme kinachoweza kunishangaza. Shule niliiachia darasa la sita, na leo mashine zikikwama viwandani Changamwe, wahandisi wenye vyeti ukutani wananipigia simu mimi. Mabodi ya swichi niliyofunga hayana idadi, wala halijarudishwa hata moja.

Basi binti yangu, wa kwanza ukoo mzima kufika chuo kikuu, alipokuja karakana kuomba ada ya shahada ya pili, nilimjibu pale pale mbele ya mafundi wangu: hapana. Moja inatosha. Aje aniendeshee ofisi.

"Na hayo unayotaka kusomea ni nini hasa?"

"Hesabu za jeni, Baba, zile chembe za urithi. Ndani ya mwili jeni moja huizima nyingine, au huiwasha. Si polepole. Ikifika kiwango chake, mara moja, kama swichi. Mimi naziandikia hesabu nijue zikiungana zitafanya nini."

Nilicheka sana. "Swichi? Mwanangu, ukasomee swichi Nairobi na babako yuko hapa?"

Akachukua kalamu. Akachora kwenye boksi la rilei, zile swichi zinazovutwa na umeme. Kwanza mbili, kila moja inaizima mwenziwe. Hiyo naijua hata usingizini. Ndiyo tunayofunga ili mota iende mbele au nyuma, isijaribu yote mawili. Itakayowahi ndiyo inayobaki. Kisha akachora tatu kwenye duara, akazipa rangi: nyekundu inaizima kijani, kijani inaizima njano, njano inaizima nyekundu.

"Na hii je?"

"Yale yale. Moja itawahi, itakaa."

"Haikai, Baba. Itazunguka mpaka ukate umeme. Tena kinyume cha nyaya: nyekundu, njano, kijani."

"Ikizunguka, ada nalipa!"

Mafundi wakapiga makofi. Kwangu, fundi akiahidi mbele ya wenzake ameahidi. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe.

Nikafunga kwa mkono wangu rilei tatu za kuchelewa sekunde tatu, kila moja na taa yake. Nikawasha. Nyekundu. Njano. Kijani. Nyekundu tena. Nikakaza skrubu zote. Nikabadilisha rilei moja, nikidhani mbovu. Zikazunguka. Kwa hasira nikaongeza ya nne, yenye taa nyeupe. Zikasimama tuli, mbili zinawaka, mbili zimezima.

"Shufwa, mbili au nne, hukwama; witiri, tatu au tano, huzunguka," akasema. Karatasini alishayaandika yote, moja kwa kuwaka na sifuri kwa kuzima, kabla sijashika bisibisi.

"Mzee, tukutafutie ya tano?" fundi mmoja akachokoza.

Nikaweka bisibisi chini. Miaka yote nimefunga mbili mbili kwa kuwa aliyenifundisha alifunga mbili. Ya tatu sikuwahi kuiuliza.

"Na mimi ninazo hizi mwilini?"

"Unazo, Baba. Saa inayokuamsha alfajiri bila kengele, ndani yake mna jeni zinazozimana kwa zamu."

Nikautazama mkono wangu wenye makovu ya nyaya. Mimi husema daima kwamba nimejitengeneza mwenyewe. Kumbe humo ndani mna bodi ambalo sikulifunga mimi, na mwanangu ndiye anayejifunza kulisoma.

Jumatatu nilipanga foleni benki. Shilingi laki mbili, elfu themanini na sita, mia nne na hamsini.